Waliotumwa Kusoma: China na Marekani, Kutoka Hartford hadi Shanghai

Kijana aliyekataa kutia saini, 1847–1871

Aprili 1847 meli iitwayo Huntress ilitia nanga New York ikiwa imesheheni chai kutoka kusini mwa China. Walioshuka pamoja na shehena hiyo ni vijana watatu wa Kichina na mwalimu wao, mmishonari Samuel Robbins Brown, aliyekuwa amewafundisha Macau na Hong Kong. Mmoja alirudi kwao mapema kwa sababu ya afya. Wa pili alivuka Atlantiki akasomea udaktari Edinburgh. Wa tatu, Yung Wing, mtoto wa familia maskini ya kijiji cha Nanping karibu na Macau, alibaki, na karibu kila kilichofuata kati ya vyuo vya nchi hizi mbili kinaanzia kwake.

Alipotaka kuingia Chuo cha Yale mwaka 1850, ada hakuwa nayo. Wadhamini wa shule yake ya awali walikuwa tayari kumlipia kwa sharti moja: atie saini kwamba akihitimu atarudi China kuhubiri Injili. Alikataa, akisema hajui bado ataifaa vipi nchi yake. Chama cha wanawake wa Kikristo wa Savannah, Georgia, kikamlipia sehemu ya ada, na pengo lililobaki akaliziba kwa jasho lake: alisimamia meza ya wanafunzi waliokula kwa kuchangiana, na alitunza vitabu vya maktaba ya chama chao. Hesabu zilimtesa, lakini insha za Kiingereza zilimpa tuzo. Mwaka 1854 akawa Mchina wa kwanza kuhitimu chuo kikuu cha Marekani.

Ile saini aliyoikataa ni ya kuwekwa akilini. Katika muda wote wa zaidi ya miaka 150 tunaoupitia hapa, anayelipa ada hutaka kujua mapema msomi ataishia wapi, na anayempokea hutaka kujua ataondoka na nini. Mipango ilipovunjika, kwa kawaida chanzo kilikuwa moja ya hofu hizo mbili, au zote kwa pamoja. Kufeli masomo hakukuwahi kuwa sababu.

Yung Wing alirudi China akiwa amekisahau Kichina kiasi cha kulazimika kujifunza upya. Alihangaika na kazi za ukarani na biashara ya chai hadi mwaka 1863, alipoitwa na Zeng Guofan, kiongozi mkuu wa vita dhidi ya uasi wa Taiping. Zeng alihitaji mashine za kutengeneza silaha. Yung Wing akatumwa Marekani, akaziagiza kwenye kiwanda cha Fitchburg, Massachusetts, akazifikisha salama Shanghai. Baada ya kuaminika kwa mashine ndipo alipopata nafasi ya kuzungumzia watu.

Watoto 120, 1872–1881

Mpango wake ulikuwa mwepesi kueleza na mgumu kukubalika. Watoto 30 wangetumwa kila mwaka kwa miaka 4. Wangekaa Marekani miaka 15, wapite shule hadi chuo kikuu, kisha warudi kuitumikia serikali. Zeng Guofan na Li Hongzhang, magavana wakuu waliokuwa na sauti nzito kuliko wote wakati ule, waliufikisha kwa watawala wa nasaba ya Qing na ukapita. Shida ikawa kuwapata watoto. Mitihani ya kifalme ndiyo iliyokuwa njia ya ukubwa, na familia zenye cheo hazikuona sababu ya kumpeleka mwana kwa washenzi wa ng'ambo. Wengi waliopatikana walitoka Guangdong, pwani ya kusini iliyozoea meli za wageni. Kila mzazi alitia saini hati ya kukubali kwamba mtoto akiugua au akifa ugenini, serikali haina lawama.

Kundi la kwanza liliondoka Shanghai Agosti 1872. Walivuka Pasifiki hadi San Francisco, kisha wakapanda reli iliyokuwa na miaka mitatu tu tangu iunganishe pwani mbili za Marekani. Lee Yan Phou, aliyekuja na kundi la pili mwaka 1873, alisimulia baadaye kuwa majambazi walilisimamisha garimoshi lao njiani na kulipora. Walipofika Springfield, Massachusetts, likamkuta jingine asilolitarajia. Mama mwenyeji aliyekuja kuwapokea alimkumbatia na kumbusu mbele ya wenzake, busu la kwanza tangu alipokuwa mtoto mchanga, na wenzake wakaangua kicheko.

Makao makuu ya mpango yalikuwa Hartford, Connecticut, lakini watoto hawakuwekwa bweni moja. Waligawanywa wawili wawili, watatu watatu, kwenye nyumba za walimu, wachungaji na madaktari wa bonde la mto Connecticut. Uamuzi huo ndio uliofanya mpango ufaulu, na huo huo ndio ulioua mpango. Kiingereza kilishika haraka. Lakini mtoto wa miaka 12 anayekula, kusali na kucheza na familia moja kwa miaka kadhaa hawezi kubaki mgeni ndani ya nyumba hiyo. Kanzu ndefu zilivuliwa kwa sababu zilikwamisha mchezo na kuwafanya waitwe wasichana. Wakubwa miongoni mwao waliunda timu ya besiboli. Baadhi walianza kwenda kanisani kwa hiari yao, na wachache walithubutu kukata ule msuko mmoja wa mgongoni ambao kwa sheria ya Qing ulikuwa alama ya utii kwa mfalme.

Maofisa waliotumwa kuwasimamia waliona haya yote. Kila msimu wa likizo watoto waliitwa Hartford kufundishwa maandishi ya Confucius na kuinama kuelekea Beijing, na kila mwaka waliinama kwa shingo upande zaidi. Wu Zideng, msimamizi aliyefika karibu na mwisho, aliiandikia serikali ya Beijing kwamba vijana hawa wakiachwa zaidi hawatakuwa Wachina tena na wala hawataifaa nchi. Yung Wing mwenyewe hakuwa shahidi mzuri wa utetezi: mwaka 1875 alikuwa amemwoa Mmarekani, Mary Kellogg.

Upande wa pili nao ukachangia. Beijing ilitarajia baadhi ya vijana waingie vyuo vya kijeshi vya West Point na Annapolis, kama Mkataba wa Burlingame wa 1868 ulivyoonekana kuahidi kuhusu shule za serikali. Washington ikakataa, ilhali Wajapani walikuwa wakipokelewa. Huko California kelele dhidi ya vibarua wa Kichina zilikuwa zimepanda hadi Bungeni. Kwa nini kuendelea kulipa fedha nyingi kwa nchi isiyowataka?

Marafiki wa Hartford walijaribu kuokoa jahazi. Mchungaji Joseph Twichell na rafiki yake mwandishi Mark Twain walikwenda kwa Rais mstaafu Ulysses Grant, aliyekuwa amefahamiana na Li Hongzhang katika ziara yake China, naye akamwandikia Li barua. Rais wa Yale, Noah Porter, akaandika ya kwake. Ziliahirisha tu. Katikati ya mwaka 1881 amri ya kurudi ilitolewa, wakati karibu nusu ya vijana walikuwa ndio kwanza wameingia vyuoni. Waliokuwa wamekamilisha shahada ni wawili tu, wote wa Yale. Mwaka uliofuata Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina kuingia nchini.

Wakisubiri meli upande wa San Francisco, vijana walialikwa mechi ya besiboli na timu ya Oakland iliyodhani itawachezea kama watoto. Wakaifunga. Shanghai mapokezi yalikuwa mengine: walipelekwa chini ya ulinzi hadi kwenye jengo kuukuu lenye unyevu na kuwekwa humo kwa siku kadhaa kama washukiwa. Kisha wakagawanywa kwenye jeshi la majini, telegrafu na migodi, bila kuulizwa walichosomea.

Zhan Tianyou alikuwa mmoja wa wale wahitimu wawili, na alikuwa amesomea uhandisi wa ujenzi. Alipelekwa shule ya wanamaji. Ilichukua miaka mingi kabla ya mtu kukumbuka ujuzi wake, lakini kati ya 1905 na 1909 alijenga reli ya Beijing hadi Zhangjiakou, ya kwanza kubwa kubuniwa na kusimamiwa na Wachina wenyewe. Karibu na Ukuta Mkuu mlima ni mkali mno, naye akautatua kwa kuyapandisha magarimoshi kwa mwendo wa kwenda mbele na kurudi nyuma. Wenzake wanne waliuawa mwaka 1884 meli za Ufaransa ziliposhambulia Fuzhou. Mwenzao mwingine, Tang Shaoyi, alikuwa waziri mkuu wa kwanza wa Jamhuri iliyochukua nafasi ya Qing mwaka 1912. Yung Wing alifariki Hartford mwaka huohuo. Kufikia hapo Marekani ilikuwa imeshakataa kumtambua kama raia wake, ingawa alipewa uraia tangu 1852.

Fedha za fidia, 1901–1929

Mchezaji mmoja wa besiboli kati ya wale watoto 120, Liang Cheng, alirudi Washington mwaka 1903 akiwa mwakilishi wa China. Nchi yake ilikuwa imekabwa na deni. Baada ya uasi wa Mabondia kuzimwa na majeshi ya mataifa manane mwaka 1900, itifaki ya 1901 iliitoza China fidia ya taeli milioni 450 za fedha, ilipwe kwa miaka 39 pamoja na riba. Mgawo wa Marekani ulikuwa zaidi ya dola milioni 24. Katika mazungumzo Liang alibaini kwamba hata wakubwa wa Marekani walijua kiasi hicho kinazidi hasara halisi ya watu wao. Akaanza kushinikiza ziada irudishwe.

Kurudisha fedha ni jambo moja, na kurudisha kwa masharti ni jingine. Maofisa wa China walikuwa na mipango yao ya kuitumia, ikiwemo reli na migodi ya Manchuria. Waliotaka iende kwenye elimu walikuwa na hoja ya kibiashara waliyoieleza bila aibu. Edmund James, rais wa Chuo Kikuu cha Illinois, alimwandikia Rais Theodore Roosevelt mwaka 1906 kuwa nchi itakayosomesha kizazi hiki cha vijana wa Kichina itavuna ushawishi wa kimaadili, kiakili na kibiashara kuliko itakayotuma majeshi. Maelfu ya Wachina walikuwa wakati huo wakisoma Japani, na mwaka 1905 miji ya China ilikuwa imegomea bidhaa za Marekani kwa hasira ya ile sheria ya 1882 dhidi ya vibarua wa Kichina. Hoja ya James ikaeleweka. Bunge liliidhinisha marejesho mwaka 1908, na ziada hiyo, karibu nusu ya mgawo wote, ikaelekezwa kusomesha wanafunzi Marekani.

Fedha zilikuwa za China tangu mwanzo. Watu wa Marekani walizoea kuziita zawadi, na wapo wanaoziita hivyo hadi leo. Msomaji wa pwani yetu aliyezoea kusikia misaada ikitangazwa na mwenye kushika mkoba atajua hadithi hii inavyokwenda.

Mpango ulidai asilimia 80 ya wanafunzi wasomee mambo ya kazi: uhandisi, kilimo, migodi, kemia. Mtihani wa kwanza wa 1909 ulipitisha 47. Wa 1910 ulipitisha 70, akiwemo kijana Hu Shih, ambaye hakuwa karibu na kilele cha orodha. Alipelekwa Cornell kusomea kilimo. Kilichomshinda ni tufaha. Katika somo la matunda waliwekewa mezani aina karibu 30 za tufaha wazitambue kwa majina. Wamarekani waliokulia mashambani walimaliza kwa dakika chache na kutia masalia mifukoni. Hu Shih alikaa saa mbili na zaidi akipekua kitabu, na bado aina nyingi zilimpita. Aliona kwamba anapoteza muda kusomea kitu kisicho na kazi kwao, akahamia falsafa, akaenda Columbia kwa mwanafalsafa John Dewey, na baadaye akawa sauti kubwa ya harakati za kuandika kwa Kichina cha kawaida. Hizo asilimia 80 hazikuwa zimempangia hivyo.

Ili kuwaandaa wanaokwenda, shule ya Tsinghua ilifunguliwa mwaka 1911 katika bustani ya kifalme kaskazini-magharibi mwa Beijing. Masomo mengi yalikuwa kwa Kiingereza. Saa kumi alasiri maktaba, madarasa na mabweni vilifungwa ili kila mwanafunzi atoke kiwanjani apende asipende, kwa kuwa walimu hawakutaka Wamarekani wawaone Wachina kama watu dhaifu wa vitabuni. Mbunifu majengo Mmarekani, Henry Murphy, aliwachorea ukumbi wenye kuba ambao ungeweza kusimama Virginia bila mtu kushangaa. Kuanzia 1914 wasichana nao walianza kupelekwa. Hadi shule ilipopandishwa kuwa chuo kikuu cha taifa mwaka 1928 na mpango wa kuwapeleka wahitimu wote ukakoma, zaidi ya 1,000 walikuwa wamevuka.

Kuta za wamishonari, 1879–1949

Upande wa Marekani ulikuwa na njia yake ya kwenda kinyume: kujenga China kwenyewe. Chuo cha Mtakatifu Yohana cha Shanghai kilianza 1879. Wahitimu wa Yale walianzisha shule na hospitali Changsha. Ginling, Nanjing, kilikuwa cha wanawake. Cornell ilishirikiana na Chuo Kikuu cha Nanking katika miaka ya 1920 kuboresha mbegu za ngano na mpunga, kazi niliyoiona inasahaulika mno kwa sababu haikuzaa mtu mashuhuri. Mfuko wa Rockefeller ulimimina fedha katika chuo cha udaktari cha Beijing kilichozinduliwa mwaka 1921, chenye vigae vya kijani vya kasri juu na maabara za kisasa chini. Kilichovuma kuliko vyote ni Yenching, chini ya John Leighton Stuart, ambacho mwaka 1928 kiliunganishwa na Harvard kupitia taasisi inayoendelea hadi leo kufadhili masomo ya Asia.

Vyuo hivi vilifundisha sehemu ndogo ya wanafunzi wa China, lakini vilitoa mabalozi, madaktari na wahariri kupita idadi yao. Mwaka 1947 China ikawa nchi ya kwanza duniani kutia saini makubaliano ya Fulbright ya kubadilishana wasomi na Marekani. Yalidumu chini ya miaka miwili. Stuart, aliyekuwa balozi wa Marekani kufikia hapo, aliondoka Agosti 1949, akisindikizwa na makala ya kejeli ya Mao Zedong, kiongozi wa Wakomunisti waliokuwa wakiitwaa nchi. Mwaka 1952 vyuo vyote vya wamishonari vilivunjwa na kugawanywa. Chuo Kikuu cha Peking kikahamia kwenye bustani za Yenching, na kipo hapo hadi sasa.

Profesa aliyefukuzwa, 1950–1971

Kipindi hiki hakina mpango wa kuusimulia. Kina mtu mmoja.

Qian Xuesen alikwenda MIT mwaka 1935 kwa ufadhili wa zile fedha za fidia, akahamia Caltech kwa Theodore von Kármán, na akawa miongoni mwa waanzilishi wa sayansi ya makombora nchini Marekani. Mwaka 1945 alipewa cheo cha kanali na kupelekwa Ujerumani kuwahoji wahandisi wa Hitler. Mwaka 1950, vita vya Korea vikinukia, alidaiwa kuwa aliwahi kuwa mwanachama wa Chama cha Kikomunisti, na kibali chake cha kazi za siri kikaondolewa. Alikana. Akaamua kurudi kwao, na maofisa wa forodha wakakamata masanduku yake ya vitabu na karatasi. Alifungwa karibu wiki mbili, kisha akawekwa chini ya uangalizi Los Angeles kwa miaka mitano. Serikali moja ilitaka kumfukuza na kumzuia kwa wakati mmoja.

Septemba 1955, baada ya mazungumzo ya Geneva yaliyohusisha pia Wamarekani waliofungwa China, aliruhusiwa kupanda meli na mkewe na watoto wawili. Mwaka 1956 alikabidhiwa taasisi ya makombora. Mwaka 1960 China ilirusha kombora lake la kwanza, na mwaka 1970 setilaiti yake ya kwanza.

Kuna wenzake waliobaki. Yang Chen-Ning na Lee Tsung-Dao, waliofika Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1946, walishinda Nobeli ya fizikia mwaka 1957. Lee atarudi kwenye simulizi hii.

Simu ya saa tisa usiku, 1972–1988

Ziara ya Rais Nixon wa Marekani nchini China, Februari 1972, ilifungua mlango kwa wajumbe, wala siyo kwa wanafunzi. Vyuo vya China vilikuwa vimejeruhiwa na Mapinduzi ya Utamaduni, na mtihani wa taifa wa kujiunga navyo ulirudishwa mwishoni mwa 1977 tu. Juni 1978 kiongozi wa China, Deng Xiaoping, aliwaambia viongozi wa elimu kwamba wanaotumwa nje waongezwe hadi maelfu, na wasitoke kwa kudondoka kama matone. Mwezi uliofuata Frank Press, mshauri wa sayansi wa Rais Jimmy Carter, alifika Beijing. Deng akamuuliza kama Marekani ingepokea wanafunzi 5,000. Press hakuthubutu kujibu peke yake. Akapiga simu Ikulu, na Carter akaamshwa saa tisa usiku akidhani kuna maafa. Alipoelezwa, kwa simulizi yake mwenyewe, alisema mwambie atume 100,000, akarudi kulala.

Desemba 26, 1978, kabla hata ubalozi haujafunguliwa, wasomi 52 waliondoka Beijing kupitia Paris. Hawakuwa vijana. Wengi walikuwa wahadhiri wanaokaribia au kupita miaka 40 ambao muongo mzima wa utafiti uliwapita wakiwa mashambani. Inasimuliwa kwamba mkuu wa msafara alikuwa na dola 50 mfukoni kwa ajili ya kundi zima. Walianza na miezi ya kunyoosha Kiingereza jijini Washington kabla ya kutawanyika maabara mbalimbali. Mwezi mmoja baadaye, Januari 31, 1979, Deng na Carter walitia saini mkataba wa sayansi na teknolojia uliokuja kuwa mwavuli wa ushirikiano wote.

Tatizo la vijana lilikuwa la kiutaratibu na lilionekana halina dawa. Hapakuwa na mitihani ya Kiingereza ya kimataifa China hadi mwisho wa 1981, vyuo vya Marekani havikujua alama za China zina uzito gani, na mwanafunzi hakuwa hata na dola za kulipia fomu ya maombi. Lee Tsung-Dao, wakati huo Columbia, aliikata njia hii kwa mkono. Mwaka 1979 aliomba mtihani wa idara yake wa kuingia uzamivu utolewe Beijing, na watano waliofaulu wakapokelewa. Kutoka hapo akajenga mpango wa CUSPEA: maprofesa wa Marekani wanatunga mtihani wa fizikia, wanasafiri China kuhoji watahiniwa ana kwa ana, na vyuo vyenye nafasi vinachagua na kulipia gharama zote. Maombi yalipitia mezani kwake na kwa mkewe. Hadi 1989 mpango huo ulikuwa umepeleka 915. Ray Wu wa Cornell aliuiga kwa biolojia, na wengine kwa kemia.

Wamarekani waliokwenda China walikuwa wachache na walitaka vitu tofauti: lugha, nyaraka za kale, vijiji. Hivyo ndivyo vilivyofungwa. Baada ya mzozo uliomhusu mwanafunzi mmoja wa uzamivu wa Stanford, utafiti wa muda mrefu vijijini ulizuiwa kuanzia 1981. Ndiyo maana kituo cha pamoja cha Johns Hopkins na Chuo Kikuu cha Nanjing kilichofunguliwa 1986 kilikuwa cha ajabu. Mmarekani alilala chumba kimoja na Mchina, mmoja akisoma kwa lugha ya mwenzake, na maktaba yake iliachwa huru bila kuchujwa vitabu.

Baada ya Juni 1989

Risasi zilizowapigwa waandamanaji wa Tiananmen, Beijing, ziliwakuta makumi ya maelfu ya Wachina wakiwa vyuoni Marekani, wengi kwa viza zilizowataka warudi. Rais George Bush aliwaruhusu kubaki kwa amri ya Aprili 1990, na sheria ya 1992 ikawapa ukaazi wa kudumu zaidi ya 50,000. Kilichoogopwa na Wu Zideng mwaka 1880 kilitimia kwa jumla. Beijing ilikuwa na sababu ya kufunga mlango tena, na haikufunga. Mwaka 1993 ilitangaza sera ya kusaidia wanaokwenda, kuhimiza kurudi na kuacha watu huru kuingia na kutoka. Kwa maoni yangu huu ndio uamuzi mkubwa kuliko wote katika historia hii, nao hausimuliwi kama simu ya Carter kwa sababu hakuna aliyeamshwa usingizini.

Ada kamili, 2003–2017

Kipindi kilichofuata kilibadilisha mlipaji. Hadi hapo aliyelipa alikuwa serikali, kanisa, mfuko au chuo. Sasa akawa mzazi. Tabaka la kati la miji ya China, lenye mtoto mmoja kila nyumba, lilikuwa na fedha, na vyuo vya umma vya Marekani, vilivyopunguziwa ruzuku baada ya msukosuko wa 2008, vilikuwa na njaa. Mwaka wa masomo 2009/10 China iliipiku India kwa idadi: wanafunzi 127,628. Mwaka 2019/20 walifika 372,532.

China nayo ilitoa kanuni mwaka 2003 za vyuo vya ubia. Michigan na Shanghai Jiao Tong walifungua taasisi ya uhandisi mwaka 2006. Chuo Kikuu cha New York kilipokea darasa la kwanza Shanghai mwaka 2013, nusu Wachina na nusu wageni. Duke kilijengewa kampasi na mji wa Kunshan. Taasisi za Confucius, za kufundisha Kichina kwa ufadhili wa Beijing, ambazo Nairobi ilizijua tangu 2005 ilipofunguliwa ya kwanza Afrika, zilikaribia 100 katika vyuo vya Marekani.

Mwaka 2017 vitivo vya biashara na uhandisi vya Chuo Kikuu cha Illinois, chuo kile kile cha Edmund James, vilikata bima dhidi ya kukosa wanafunzi wa Kichina. Malipo yalikuwa dola 424,000 kwa mwaka, kwa kinga ya hadi dola milioni 60. Fidia ingelipwa endapo mapato yao yangeporomoka ghafla kwa sababu ya viza, mvutano wa kisiasa au maradhi ya mlipuko. Miaka mitatu baadaye yote matatu yalikuwepo.

Milango miwili inayofungwa, 2018–2025

Novemba 2018 Wizara ya Sheria ya Marekani ilianzisha operesheni dhidi ya ujasusi wa kiuchumi wa China, na sehemu kubwa yake ikaangukia wahadhiri. Gang Chen, profesa wa MIT, alikamatwa Januari 2021, na mashtaka yakafutwa mwaka mmoja baadaye. Operesheni ilisitishwa Februari 2022. Tangazo la rais la Mei 2020 liliwanyima viza wanafunzi wa uzamili na uzamivu wanaohusishwa na taasisi za utafiti wa kijeshi. Mwezi Julai Fulbright ya China, iliyokuwa imefufuliwa baada ya kuvunjika 1949, ilikatishwa. Taasisi za Confucius, zilizobanwa na sheria ya bajeti ya ulinzi, zilifungwa karibu zote. Upande wa China, mipaka ilifungwa kwa UVIKO hadi mwanzoni mwa 2023. Mwaka 2021/22 Wamarekani waliosoma China walihesabiwa 211. Wachina waliokuwa Marekani mwaka huohuo walikuwa 290,086.

Novemba 2023, San Francisco, Rais wa China Xi Jinping alisema China itawaalika vijana 50,000 wa Kimarekani kwa miaka mitano. Desemba 2024 mkataba wa Deng na Carter uliongezwa muda wa miaka mitano, ukiwa umebanwa kwenye utafiti wa msingi tu. Mwezi uliofuata Michigan ilivunja ubia wake wa Shanghai kwa shinikizo la wabunge. Idadi ya Wachina ilishuka hadi 265,919 mwaka 2024/25, na India ilishawapita.

Mei 28, 2025 Waziri wa Mambo ya Nje, Marco Rubio, alitangaza kwamba Marekani itafuta kwa nguvu viza za wanafunzi wa Kichina, wakiwemo wenye uhusiano na Chama cha Kikomunisti na wanaosomea fani nyeti. Agosti mwaka huohuo Rais Donald Trump alisema wanafunzi 600,000 wa China watakaribishwa, zaidi ya mara mbili ya waliokuwepo, na kwamba bila wao vyuo vya chini vitakufa njaa. Kati ya kauli hizo mbili ndimo ulimoangukia muda wa familia za Kichina kuamua kama zilipe ada ya muhula wa vuli.